Kumbukumbu ya shahidi wa macho

Kumbukumbu ya shahidi wa macho ni yale ambayo mtu aliyeshuhudia tukio anayakumbuka na kuyaeleza baadaye, hasa mbele ya polisi au mahakama. Katika saikolojia ni uwanja wa utafiti unaochunguza kwa nini mtu mkweli, asiye na nia ya kudanganya, anaweza kumtambua mtu asiyehusika na kuamini kabisa kwamba hakukosea.

Suala hili lina uzito mkubwa katika Afrika Mashariki, ambako kesi nyingi za uhalifu wa usiku hutegemea maneno ya walioona. Nchini Tanzania adhabu ya kosa la mauaji ni kifo, na adhabu ya unyang'anyi wa kutumia silaha ni kifungo kisichopungua miaka 30. Ikiwa ushahidi pekee ni sentensi "nilimwona, ni huyu", maisha ya mtu yanategemea ubora wa kumbukumbu ya mtu mwingine.

Mfano wa kubuni

Tuchukue mfano ambao haukutokea, lakini unafanana na kesi nyingi zilizofika mahakamani. Ni saa nane usiku katika kata ya Buzebazeba, Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Umeme umekatika. Mlango wa nyumba unavunjwa kwa jiwe kubwa, lile linaloitwa "fatuma", na watu watatu wanaingia. Mmoja ana panga, mwingine anammulika mama mwenye nyumba usoni kwa tochi na kudai pesa. Baada ya dakika chache wanatoweka. Mama anapiga yowe, majirani wanafika, na katika mazungumzo jirani mmoja anauliza: "Hakuwa yule kijana wa bodaboda anayeegesha pale njia panda?" Mama anasita, kisha anasema huenda alikuwa yeye. Siku tatu baadaye, polisi wanapomkamata kijana huyo na mama kumwona akiwa na pingu, anasema bila kusita: "Ni yeye." Mwaka mmoja na nusu baadaye, mahakamani, anasema hawezi kuisahau sura ile hadi kufa.

Mama huyu hakusema uongo mahali popote. Hata hivyo, kati ya "huenda" ya usiku ule na "hadi kufa" ya mahakamani kumetokea mabadiliko ambayo yeye mwenyewe hawezi kuyahisi. Sehemu zinazofuata zinaeleza mabadiliko hayo.

Jinsi kumbukumbu inavyofanya kazi

Watu wengi hudhani kwamba kumbukumbu ni kama picha ya kamera: tukio linapigwa, linahifadhiwa, na baadaye linatolewa likiwa vilevile. Utafiti wa zaidi ya miaka 100 unaonyesha vingine. Kumbukumbu hupita hatua tatu, yaani kupokea habari, kuihifadhi na kuitoa, na katika kila hatua kitu kinaweza kupotea au kuongezwa.

Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 kwamba usahaulifu huenda kwa kasi sana mwanzoni, kisha hupungua kasi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kinachosahaulika hupotea katika saa na siku za kwanza, kabla kesi haijafika popote.

Mwingereza Frederic Bartlett, katika kitabu alichokitoa mwaka 1932, alieleza kwamba mtu anapokumbuka hajirudishii tukio zima. Huchukua vipande vilivyobaki na kuviunganisha kwa kutumia desturi, matarajio na maarifa yake. Bartlett alifika pia Uswazi, nchi inayoitwa leo Eswatini, akakuta mchungaji aliyeweza kueleza ng'ombe walionunuliwa mwaka mmoja nyuma, rangi zao na bei zao, karibu bila kosa. Hakuona humo kipaji cha ajabu: ng'ombe walikuwa kiini cha maisha ya mchungaji yule, naye aliwatazama kwa makini tangu mwanzo. Mtu hukumbuka vizuri kile alichokitazama kwa makini na alichokuwa na maarifa ya kukitazama. Sura ya mgeni iliyoonekana kwa sekunde chache gizani haina bahati hiyo.

Sababu zinazotokana na tukio lenyewe

Mwaka 1978 mwanasaikolojia Mmarekani Gary Wells aligawa sababu za makosa katika makundi mawili: zile za tukio lenyewe, ambazo hakuna anayeweza kuzibadilisha tena, na zile za utaratibu wa uchunguzi, ambazo polisi na mahakama wanaweza kuzirekebisha. Za kundi la kwanza ni kama zifuatazo.

Mwanga. Jicho huhitaji mwanga wa kutosha ili kutofautisha sura na rangi. Swali si kama mwanga ulikuwepo, bali ulikuwa kiasi gani na ulielekea wapi. Kibatari, taa ya sola na mbalamwezi havilingani. Tochi ni mfano mzuri zaidi: anayeishika humwona anayemulikwa, lakini anayemulikwa hupofuka kwa muda. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika, wanaovua usiku kwa taa, wanaifahamu tofauti kati ya kuwa nyuma ya mwanga na kuwa mbele yake.

Muda na umbali. Kadiri mtu anavyotazama kwa muda mfupi zaidi au kutoka mbali zaidi, ndivyo alama za uso anazozipokea zinavyopungua. Tena, mtu mwenye hofu mara nyingi huona tukio fupi kuwa refu. Anaposema "dakika kumi", huenda zilikuwa mbili.

Silaha. Penye panga au bunduki, macho huelekea huko. Mwaka 1987 Elizabeth Loftus na wenzake walipima mwendo wa macho ya watu waliotazama picha za mteja akiwa amemwelekezea mtunza fedha bastola au karatasi ya hundi. Waliotazama picha zenye bastola waliielekeza macho zaidi, na baadaye walimtambua mteja kwa shida zaidi.

Hofu. Wengi huamini kwamba hofu "huchonga" sura akilini. Mwaka 2004 Charles Morgan na wenzake walitoa matokeo ya utafiti uliohusu wanajeshi zaidi ya 500 wa Marekani waliokuwa katika mafunzo ya kuvumilia kutekwa. Kila mmoja alihojiwa ana kwa ana kwa zaidi ya nusu saa. Siku iliyofuata, kwenye gwaride la watu waliosimama mbele yao, waliohojiwa bila vitisho walimtambua mhoji wao kwa asilimia 62, lakini waliohojiwa kwa vitisho vikali walimtambua kwa asilimia 30 tu.

Ugeni wa sura. Watu hutofautisha kwa urahisi zaidi sura za jamii waliyoizoea kuliko za jamii nyingine. Roy Malpass na Jerome Kravitz walilithibitisha hili mwaka 1969, na tafiti nyingi zimelirudia. Ni suala la mazoea, wala si lazima lihusiane na chuki.

Sababu zinazojitokeza baada ya tukio

Maneno ya swali. Mwaka 1974 Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi 45 filamu fupi za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa na mwendo gani. Swali lilikuwa moja, ila kitenzi kilibadilishwa. Walioulizwa kwa kitenzi kizito, chenye maana kama ya "yalipobamizana", walikadiria kwa wastani maili 40.8 kwa saa, yaani karibu kilomita 66. Walioulizwa kwa kitenzi chepesi, kama "yalipogusana", walikadiria maili 31.8, yaani karibu kilomita 51. Katika jaribio la pili la watu 150, wiki moja baada ya filamu waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Havikuwepo. Hata hivyo, watu 16 kati ya 50 walioulizwa mwanzoni kwa kitenzi kizito walisema waliviona, ikilinganishwa na 7 kati ya 50 walioulizwa kwa kitenzi cha kawaida na 6 kati ya 50 ambao hawakuulizwa kuhusu mwendo.

Jambo hili linagusa moja kwa moja uchukuaji wa maelezo katika jamii zenye lugha nyingi. Mkoani Kigoma shahidi anaweza kusimulia kwa Kiha, askari akaandika kwa Kiswahili, na kwa miaka mingi mahakama za juu zilitunza kumbukumbu zake kwa Kiingereza, hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kikafanywa lugha ya mahakama. Katika kila kivuko, "alinisukuma" inaweza kugeuka "alinipiga", na shahidi anaposomewa maelezo yake hujifunza upya tukio lake kwa maneno ya mwingine.

Mazungumzo ya mashahidi. Mwaka 2003 Fiona Gabbert na wenzake, nchini Uingereza, waliwaonyesha watu wawiliwawili video za tukio moja zilizopigwa kutoka pembe tofauti, kila mmoja akidhani mwenzake ameona ileile. Baada ya kuzungumza, asilimia 71 walitaja angalau jambo moja ambalo hawakuliona bali walilisikia kwa mwenzao. Mkusanyiko wa majirani baada ya yowe ni wa lazima kwa usalama, lakini ndipo pia mashahidi watano wanapoweza kugeuka shahidi mmoja mwenye midomo mitano.

Kuonyeshwa mtuhumiwa. Sura inayoonekana mara ya pili huonekana kuwa ya kawaida, na akili hukosea kujua iliiona wapi mara ya kwanza. Katika mfano wa Buzebazeba, mama alikwisha kumwona kijana wa bodaboda pale njia panda mara nyingi. Sura ilikuwa akilini mwake tayari. Kilichobadilika ni mahali alipoiweka.

Uhakika wa shahidi

Watu hupima ushahidi kwa namna unavyotolewa: asiyesita huaminiwa. Lakini uhakika unaweza kupandishwa na mambo yasiyohusiana na tukio. Mwaka 1998 Wells na Amy Bradfield waliwaonyesha watu picha za watuhumiwa ambazo mhusika wa kweli hakuwemo. Wote waliochagua walikosea. Hata hivyo, walioambiwa kwamba wamemchagua mtuhumiwa mwenyewe walidai baadaye kwamba walikuwa na uhakika tangu mwanzo, na hata kwamba walikuwa wamemwona mhalifu vizuri zaidi.

Hii haimaanishi kwamba uhakika hauna thamani yoyote. Mwaka 2017 John Wixted na Wells walieleza kwamba uhakika unaotamkwa mara ya kwanza kabisa, katika utambuzi uliofanywa kwa utaratibu safi, huashiria usahihi kwa kiasi kikubwa. Usiofaa kutegemewa ni uhakika unaotamkwa kizimbani baada ya miezi au miaka.

Mfano unaotajwa sana ni wa Ronald Cotton, wa jimbo la North Carolina, Marekani. Mwaka 1984 mwanamke aliyebakwa, ambaye usiku ule alijitahidi kuikariri sura ya mshambuliaji, alimchagua Cotton kwenye picha na kisha kwenye gwaride. Cotton peke yake ndiye aliyekuwemo katika yote mawili. Baadaye mbakaji wa kweli aliletwa mahakamani, na mwanamke huyo akasema hajawahi kumwona. Vipimo vya DNA vilimwachia Cotton huru mwaka 1995, baada ya zaidi ya miaka kumi gerezani. Kwa hesabu za shirika la Innocence Project, utambuzi wenye makosa ulihusika katika takriban asilimia 69 ya kesi za watu zaidi ya 370 waliosafishwa kwa DNA nchini humo.

Mashahidi wa Ujiji, 1871

Historia ya Ujiji inatoa mfano wa jinsi ushahidi wa macho unavyotofautiana hata pasipo giza wala tochi. Mkutano wa Henry Morton Stanley na David Livingstone ulishuhudiwa na umati mchana. Stanley aliuweka tarehe 10 Novemba 1871. Shajara ya Livingstone inauweka mwishoni mwa Oktoba. Salamu maarufu ya "Dr Livingstone, I presume?" inatoka katika maandishi ya Stanley, katika shajara ya Livingstone haimo, na katika shajara ya Stanley kurasa za mkutano huo zimechanwa.

Livingstone mwenyewe alifika Ujiji akiwa shahidi wa jambo zito zaidi. Tarehe 15 Julai 1871 aliona mauaji ya watu sokoni Nyangwe, kando ya mto Lualaba katika Kongo ya leo, akayaandika kwenye kurasa za gazeti kuukuu kwa wino wa mbegu za mmea. Simulizi lililochapishwa mwaka 1874 lilitokana na nakala iliyoandikwa baadaye. Maandishi ya awali yalikuwa yamefifia hadi watafiti walipoyasoma upya kwa teknolojia ya picha za miale na kuyatoa mwaka 2011. Walipolinganisha, waliona kwamba la kwanza na la mwisho havilingani katika kila jambo. Si rahisi kutenganisha usahaulifu na uhariri wa makusudi katika tofauti hizo. Lakini funzo ni lilelile ambalo mahakama zimelifikia kwa njia nyingine: maandishi ya kwanza, hata yakiwa kwenye gazeti kuukuu, yana thamani ambayo simulizi lililosafishwa haliwezi kuichukua.

Msimamo wa mahakama za Afrika Mashariki

Mahakama za eneo hili zilianza kutoa tahadhari mapema. Mwaka 1936, katika shauri la Mwango s/o Manaa, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliorodhesha kanuni za gwaride la utambulisho. Mwaka 1953, katika shauri la Abdalla bin Wendo, ilisema kwamba ingawa jambo laweza kuthibitishwa na shahidi mmoja, utambuzi wa shahidi mmoja katika mazingira magumu unahitaji uangalifu wa pekee. Mwaka 1967, katika shauri la Roria, ilikiri kwamba hukumu inayosimama juu ya utambuzi peke yake huleta wasiwasi.

Baada ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania kuanzishwa mwaka 1979, uamuzi wake katika shauri la Waziri Amani, uliochapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 1980, ukawa msingi unaorejewa hadi leo. Mahakama ilisema kwamba ushahidi wa utambuzi kwa macho ni dhaifu kuliko aina nyingine, na kwamba usitumike kumtia mtu hatiani mpaka uwezekano wote wa kukosea uondolewe. Ilitaka yaangaliwe mambo kama muda ambao shahidi alimwona mshtakiwa, umbali kati yao, hali ya mwanga, na kama shahidi alimfahamu mshtakiwa kabla. Orodha hiyo ya majaji inakaribiana sana na ile ya wanasaikolojia.

Hukumu zilizofuata ziliongeza mengine. Katika shauri la Marwa Wangiti Mwita, mahakama ilieleza kwamba shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo ni dalili muhimu ya kuaminika, na kwamba kuchelewa bila sababu kunapaswa kuitia mahakama shaka. Katika shauri la Shamir John ilikumbusha kwamba hata kumtambua mtu unayemfahamu, ambako kwa kawaida huaminika zaidi kuliko kumtambua mgeni, kunaweza kuwa na makosa: watu hukosea hata ndugu na marafiki zao. Uganda ilitoa mwongozo kama huo katika shauri la Abdulla Nabulere, na Uingereza katika shauri la Turnbull la mwaka 1976, ambalo lilisisitiza kwamba shahidi aliyekosea anaweza kuwa shahidi anayeshawishi.

Njia za kupunguza makosa

Tafiti na kanuni za mahakama zinakubaliana kwamba kumbukumbu inapaswa kulindwa kama alama za vidole zinavyolindwa zisikanyagwe. Njia kuu ni hizi:

- Maelezo ya kila shahidi yaandikwe mapema na kwa faragha, yakiwa na umbo, mavazi, alama za mwili na jina kama analijua, kabla hajaonyeshwa mtu yeyote.
- Maswali yawe wazi. "Ulimwona nani?" ni salama, "Alikuwa na kovu?" si salama. Ron Fisher na Edward Geiselman walibuni katika miaka ya 1980 mbinu ya mahojiano inayomwacha shahidi ajirudishe kwenye mazingira ya tukio na kusimulia bila kukatizwa.
- Gwaride liwe na watu wanaofanana na mtuhumiwa, na shahidi asimwone mtuhumiwa kabla. Nchini Tanzania gwaride huongozwa na amri namba 232 ya Kanuni za Kudumu za Polisi (PGO).
- Shahidi aambiwe kwamba huenda mhusika hayupo, na msimamizi asijue mtuhumiwa ni yupi.
- Kiwango cha uhakika wa shahidi kiandikwe palepale, kwa maneno yake mwenyewe, kabla hajaambiwa lolote.

Katika mfano wa Buzebazeba, maelezo yaliyoandikwa asubuhi ya kwanza yangekuwa na neno "huenda". Neno hilo moja lingeweza kumwokoa kijana asiye na hatia, au kuwaelekeza polisi kumtafuta mhusika wa kweli ambaye bado yuko mtaani.

Kinga hizi zote zinahitaji muda. Kundi linalomkimbiza mtu kwa sababu mmoja amepaza sauti "mwizi!" halina gwaride, halina rufaa, wala halina siku ya pili ya kugundua kosa. Hapo udhaifu wa kumbukumbu ni hatari kuliko mahali pengine popote.

Mipaka ya hoja hii

Utafiti huu hausemi kwamba ushahidi wa macho hauna maana. Mtu aliyemwona jirani yake wa miaka mingi mchana, kwa karibu na kwa muda wa kutosha, kwa kawaida hakosei, na mahakama huendelea kutia hatiani kwa ushahidi wa namna hiyo. Majaribio ya maabara pia hayana hofu ya kweli kama ya uhalifu, ingawa tafiti kama ile ya wanajeshi zimejaribu kuziba pengo hilo. Vilevile haifai kumshuku kila mwathirika anayesahau jambo dogo: kusahau rangi ya shati hakuonyeshi kwamba hakushambuliwa. Kinachotakiwa ni kutenganisha maswali mawili ambayo mara nyingi huchanganywa, yaani kama shahidi anasema kweli kadiri ajuavyo, na kama anachokijua ni sahihi.